QGIS kwa mwanafunzi wa taarifa za kijiografia: tathmini baada ya mihula minne jijini Mwanza

Programu ya kulipia tuliyofundishiwa chuoni ilikuwa kwenye kompyuta chache za maabara, nasi tuliipangia foleni hadi mlango ulipofungwa jioni. Ndipo nilipoigeukia QGIS, programu huria ya kuchora na kuchambua ramani iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, ambayo haidai ada ya leseni, na nimeitumia mihula minne kwenye kompyuta mpakato yenye RAM ya gigabaiti 4.

Niliiheshimu zaidi siku nilipoingiza majiranukta (namba zinazoonyesha mahali) ya visima, niliyoyanakili kutoka ramani ya zamani ya mtaa mmoja wa kando ya ziwa. Visima viwili vilitokea majini! Nilikagua tarakimu moja baada ya nyingine kabla ya kutambua kwamba ramani ile ilichorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa marejeo ya kupimia mahali, ilhali mimi nilikuwa nimechagua WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, na tofauti ya mifumo hiyo katika eneo letu ni takribani mita 300. Nilipochagua Arc 1960, kanda ya 36 Kusini ya UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda za ramani (Mwanza haimo katika kanda ya 37 kama Dar es Salaam), visima vilirudi nchi kavu, nyuma ya nyumba ninazozifahamu. Somo hilo nilikuwa nimelikariri kwa ajili ya mtihani. Siku ile nililielewa.

Kwa picha za setilaiti, kikokotoo cha QGIS cha rasta (picha zilizoundwa kwa pikseli) kinatosha kabisa. Nilichukua picha ya bure ya Ghuba ya Mwanza kutoka setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, nikakokotoa NDVI (kipimo cha uoto) kwa bendi ya 8 ya infraredi na ya 4 ya mwanga mwekundu, zenye pikseli za mita 10, na magugu maji yakajitenga waziwazi na maji, kwa sababu majani huakisi sana mwanga wa infraredi ilhali maji huumeza.

Kasoro zipo. Faili la kusakinishia ni zito na humaliza bando, na rasta kubwa huigandisha kompyuta yangu, hivyo huikata kwanza kwa mpaka wa eneo la utafiti. Anayeanza achague toleo linalotunzwa kwa muda mrefu (LTR) badala ya lile jipya kabisa, na ahifadhi tabaka zake katika GeoPackage, ambayo huweka kila kitu katika faili moja, kwa kuwa mwenzangu alibeba faili la .shp (lenye maumbo) peke yake kwenye flashi, akaacha nyumbani mafaili yanayoambatana nalo, .shx (faharasa) na .dbf (jedwali la majina), na siku ya kuwasilisha ramani yake haikuonyesha hata jina moja la kata.