Wakunja shiti wa Katwe wanaopiga hesabu kabla ya kukata

Nilikuwa natafuta mtu wa kunikunjia maboksi ya betri za sola hapa Kampala, kwa sababu karakana ya kwanza niliyoenda walinikatia shiti ya urefu wa mm 200 kwa vile pande za 50 na 100 na 50 ni 200, wakakunja, kifuniko kikakataa kuingia, wakaniambia eti chuma kimenyooka chenyewe. Iliniuma sana, shiti nne za geji 14 zimeharibika.

Hawa wa Katwe, mtaa wa hapa Kampala, fundi hakugusa mkasi kwanza. Akauliza, "ssebo (yaani bwana), hivi vipimo ni vya nje au vya ndani?" Nikajua nimefika. Akanieleza bati likikunjwa upande wa nje unavutika, wa ndani unabanwa, katikati kuna mstari ambao urefu wake haubadiliki, na ile kefakta (K-factor, namba tu) ndiyo inakwambia mstari huo uko wapi ndani ya unene. Yeye kwa chuma laini anatumia 0.42. Unene 2 mm, dai ya V (kipande cha mashine chenye mfereji ambamo bati linakandamizwa) ya upana wa 16 yaani mara nane ya unene, rediasi ya ndani inatoka kama 2.5. Basi 0.42 mara 2 ni 0.84, jumlisha 2.5 ni 3.34, zidisha 1.57 (nusu ya pai) kwa kona ya nyuzi 90 unapata 5.25, hiyo ndo bendi alawansi, chuma kinacholiwa na kona yenyewe. Halafu rediasi 2.5 na unene 2 ni 4.5, mara mbili ni 9, toa 5.25 inabaki 3.75, hiyo ni ya kupunguza kila kona. Kona mbili 7.5. Kwa hiyo kata 192.5, sio 200! Miaka yote nanunua shiti hakuna aliyewahi kunionyesha hivyo, aliandika kwa chaki juu ya bati lenyewe.

Akakunja kipande cha majaribio kwanza, akapima, akazidisha nyuzi kama mbili hivi maana chuma kikiachiwa kinarudi kidogo. Vifuniko vyote vimeingia safi.

Kasoro ni foleni, na umeme ukikatika mnakaa tu. Na ukitaka mdomo (ukingo unaokunjwa) mfupi chini ya 11 mm kwa dai hiyo atakukatalia, hautashika, msibishane naye. Bei iko juu kidogo kuliko majirani ila mimi nimeshapeleka oda ya maboksi mengine kumi na mawili.