Safari ya urithi Kilifi kutoka Moshi: Rabai niliyoilipia na sikuiona

Ofisi ya safari ninayoizungumzia ipo hapa Moshi mjini, na silitaji jina lake kwa sababu malalamiko yangu bado wanayo mezani. Nataka tu mwenzangu yeyote wa Moshi au Arusha anayefikiria kulipia safari ya urithi wa Pwani asome kwanza yaliyonipata, kwa kuwa safari hiyo ilikuwa na mambo mazuri sana ndani yake, lakini iliharibiwa na mtu mmoja aliyepewa mamlaka ya kuamua kipi kinastahili kutazamwa na kipi hakistahili.

Ratiba niliyokabidhiwa pamoja na risiti ilitaja sehemu nne za Kaunti ya Kilifi, nchini Kenya: Rabai, magofu ya Mnarani, mji wa kale wa Gede, na Malindi. Rabai ilikuwa ya kwanza katika ratiba, nayo ndiyo iliyonifanya nitoe fedha yangu. Mimi ni mzaliwa wa Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kwetu tumekua tukisikia habari za mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliyefika kwa Mangi Masaki, mtawala wa Kilema, mwaka 1848, na ambaye tarehe 11 Mei mwaka huohuo aliiona theluji ya Kilimanjaro, akaandika taarifa ambayo baadhi ya mabingwa wa jiografia huko London waliikataa kwa miaka mingi wakishikilia kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Rebmann alitokea Rabai, akaja kwetu kwa miguu pamoja na wapagazi na kiongozi wa msafara wake, Bwana Kheri, kisha akarudi hukohuko Rabai. Nyumba yake ingalipo, na ya mwenzake Johann Ludwig Krapf vilevile, pamoja na makumbusho yenye jina la Krapf. Kwa mtu wa Kilema, kusimama mlangoni pa nyumba hiyo ni kuona upande wa pili wa habari ambayo sisi tumeisikia upande mmoja tu.

Tuliondoka Moshi kabla ya kupambazuka, tukavuka mpaka Holili bila usumbufu, na dereva alituendesha kwa uangalifu kupitia Taveta na Voi. Dereva sina neno naye. Baada ya Mariakani nilianza kutazama vibao vya barabarani, kwa maana njia ya Rabai huchepuka kutoka barabara kuu ya Nairobi na Mombasa pale Mazeras, na kutoka hapo zimebaki kilomita chache tu. Kosta yetu ilipita Mazeras bila hata kupunguza mwendo. Niliinuka, nikasogea mbele nikishikilia viti, nikamwuliza kiongozi wa msafara kama hatujapitiliza. Kijana yule hakugeuka kunitazama. Alikuwa akipekua simu yake, na akiwa bado anapekua akanijibu: "Mama, Rabai kuna kanisa tu. Kwani Moshi makanisa yamekwisha?"

Wasafiri kadhaa walicheka. Mimi nilirudi kukaa, na maneno hayo yamenikaa kifuani tangu siku ile.

Kinachonichoma si ukali wa jibu peke yake. Ni kwamba mtu anayelipwa kutembeza watu kwenye maeneo ya urithi hajui Rabai ni nini, wala haoni haja ya kujua. Krapf na Rebmann walianzisha misheni pale mwaka 1846, na Rebmann hakuondoka hadi mwaka 1875, alipokuwa amekwisha kupofuka. Mkewe alikufa hukohuko mwaka 1866. Hiyo ni karibu miaka 29 ya maisha ya mtu mahali pamoja. Wote wawili walikusanya maneno ya lugha za Pwani mwaka baada ya mwaka, na kamusi ya Kiswahili ya Krapf, iliyochapwa mwaka 1882 akiwa amekwisha kufariki, bado hutajwa na kila anayechunguza historia ya lugha hii ninayoiandika hapa. Baadaye Rabai ilikuwa kimbilio la watumwa waliokombolewa na waliotoroka. Miongoni mwa wachungaji wake alikuwamo William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India, ambaye mwaka 1885 alikuwa katika msafara wa Askofu Hannington. Na hata mtu asiyejali habari za wamisionari anayo sababu ya kufika, kwa kuwa misitu ya kaya (makazi matakatifu ya mababu) za Warabai imo katika Kaya za Wamijikenda zilizoorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, misitu ambayo wazee wa kaya wameilinda kwa miiko. Hayo yote yakafungwa ndani ya maneno mawili: kanisa tu.

Kiongozi aliahidi, baada ya mimi kusisitiza, kwamba tungepitia Rabai wakati wa kurudi. Niliyapokea maneno yake kama ahadi.

Mnarani tulishuka, tukatazama gofu la msikiti na makaburi yaliyo juu ya mlango wa bahari wa Kilifi, tukapanda gari tena. Mahali ni pazuri na upepo ni mwanana, lakini hakuna aliyetueleza chochote, kwa hiyo sina zaidi la kusema.

Gede ni habari nyingine kabisa. Pale tulipokewa na mzee mmoja, mwongozaji mwenyeji, na kama ukaguzi huu ungekuwa wa mzee yule pekee ningeumaliza kwa kumshukuru. Mji huo wa Waswahili uko ndani ya msitu, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na miti mikubwa imeota katikati ya kuta hivi kwamba kwingine mizizi ndiyo inayoushikilia ukuta usianguke. Mzee alitusimamisha mbele ya kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, sawa na 1399, akatueleza kwamba kwa tarehe hiyo iliyochongwa wachunguzi walipata mahali pa kushika walipokuwa wakikadiria umri wa mji. Alitupitisha katika msikiti mkuu, tukahesabu nguzo, tukaona kibla, tukachungulia kisima kirefu kando yake. Ndani ya nyumba alituonyesha vyoo vya mawe na mashimo ya maji, na akatueleza kwamba nyumba zilipewa majina kwa vitu vilivyofukuliwa ndani yake wakati James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948: nyumba ya mkasi, nyumba ya kauri, nyumba ya ushanga wa Venice. Vyombo vya China vilifika hapa. Watu hawa walinunua na kuuza na dunia nzima, nao Wareno waliokuwa wakikaa Malindi, kilomita kama kumi na tano tu kutoka hapo, hawakuacha maandishi yoyote yanayoutaja mji huu.

Nilimwuliza mzee kwa nini watu waliuhama. "Mama," akaniambia, "kuna wanaosema maji ya visima yalipungua, kuna wanaosema vita. Twende nikuonyeshe kisima chenyewe, kisha uamue." Tukaanza kutembea. Aliinama, akaweka kiganja kwenye ukingo wa kisima ili nione jinsi kilivyochimbwa kikaongezwa kina, na kabla hajamaliza sentensi tukasikia honi ya Kosta. Ikapigwa tena. Kiongozi wetu alikuwa amesimama kwenye njia akipiga makofi kama anayeswaga mbuzi, akisema muda umekwisha na watu wanataka kuogelea. Mzee alinyamaza, akafuta mkono wake kwenye suruali, akatuaga kwa adabu. Niliona haya kwa niaba ya wote tuliotoka Tanzania. Mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, na sisi tulifukuzwa humo kwa honi ya gari.

Na muda uliookolewa ulikwenda wapi? Ulikwenda Malindi, ambako tulipewa alasiri nzima kwa ajili ya nguzo ya Vasco da Gama na ufuo ulio karibu nayo. Sikatai kwamba nguzo ile ni ya kihistoria. Da Gama alifika Malindi mwaka 1498, akapokewa vizuri na sultani, akapewa mtu wa kumwongoza hadi India, akaondoka baada ya siku chache. Msalaba ulio juu ya nguzo umechongwa kwa jiwe la Ureno. Lakini mtu aliyepita akapewa alasiri, na mtu aliyeishi karibu miaka 29 akanyimwa hata dakika moja. Nikimfikiria kijana yule akipanga picha za wasafiri chini ya nguzo, akiwaambia wasogee kushoto, wasogee kulia, hasira inanirudia upya.

Wakati wa kurudi tulifika Mazeras jua likiwa bado juu. Nilimkumbusha mapema, kwa sauti ya upole, mbele ya mashahidi. Akasema wenzangu wamechoka na mpaka una foleni. Hakuwauliza wenzangu. Mwalimu mmoja wa Arusha aliyekaa nyuma yangu alisema wazi kwamba yeye angependa kushuka, naye akajibiwa kwamba ratiba ni ya ofisi. Gari likapita.

Nilipokwenda ofisini na risiti yangu, dada wa mapokezi alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniita meneja, na meneja akanionyesha mstari wa herufi ndogo unaosema kwamba ratiba inaweza kubadilika kutokana na hali ya barabara au hali ya hewa. Barabara ilikuwa kavu. Mbingu ilikuwa nyeupe. Nikamwomba anionyeshe mahali palipoandikwa kwamba ratiba inaweza kubadilika kwa sababu kiongozi hapendi makanisa, akakosa la kusema, akaniahidi kunipigia simu. Simu haijapigwa.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota mbili kati ya tano, moja ya dereva na moja ya Gede. Naiondoa ile ya Gede, kwa sababu Gede si mali yao na mzee yule si mtumishi wao. Hata hivyo lazima niseme ukweli wote: bei yao ni nafuu, viti ni vizuri, na kama wewe huna haja na Rabai na unachotaka ni bahari pamoja na kuonja historia kidogo, huenda ukarudi nyumbani umefurahi, kama walivyofurahi wengi katika gari letu.

Hapana, sentensi hiyo naifuta. Mtu akikuuzia safari ya urithi, akapokea fedha yako kwa jina la Rabai, hana ruhusa ya kukugeuzia iwe safari ya kuogelea, hata kama abiria wengine wote wameridhika. Sipendekezi ofisi hiyo kwa yeyote hadi watakapomwondoa kijana yule kwenye safari za namna hii au wamfundishe kazi.

Kilifi yenyewe naipendekeza kwa moyo wote, tena kwa nguvu zaidi kuliko nilivyokuwa tayari kuipendekeza kabla sijaenda. Nenda bila wao. Mabasi ya Mombasa yanapita Moshi. Beba pasi yako au hati ya dharura, na kadi ya homa ya manjano, mwambie kondakta mapema akushushe Mazeras, kisha utafute pikipiki au matatu ya kukufikisha Rabai. Gede ipe nusu siku isiyo na honi, na umlipe mwongozaji mwenyeji vizuri. Ukitaka kuingia msitu wa kaya, anza kwa kuwatafuta wazee na ufuate wanachokuambia. Mwalimu wa Arusha na mimi tumekubaliana kwenda hivyo mvua zikipungua, na sehemu ya fedha yangu inayohusu Rabai bado naidai kwa maandishi.