Kovu la kwanza: kusubiri uchungu au kupangiwa upasuaji?
Mama aliyepasuliwa uzazi uliopita akirudi kliniki na mimba nyingine, mkunga mzuri hamwamulii papo hapo. Kwanza humuuliza: mara ile ulipasuliwa kwa nini, na mkato ulikuwaje? Kovu la nje halitoshi kusema. La ndani ndilo lenye neno, na hilo limeandikwa kwenye karatasi ya kuruhusiwa hospitali, ambayo wengi huitupa. Kama mkato wa ndani ulikuwa wa wima, sehemu ya juu ya mfuko wa uzazi, hakuna mjadala mrefu: ni kisu tena.

Wengine wana hiari. Wanaosubiri uchungu, takriban 3 kati ya 4 hujifungua kwa njia ya kawaida na kupona upesi. Hatari ni kovu la ndani kuachia, yaani mfuko wa uzazi kupasuka, kama mara 1 kwa 200, na likiachia hakuna muda wa kutafuta gari. Kwa hiyo zahanati ya jirani haifai. Iwe hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu, usiku na mchana.

Upasuaji wa kupanga, kwa kawaida wiki ya 39, una raha yake: siku inajulikana, na wa kubaki na watoto anajulikana. Ila kidonda huchukua wiki kadhaa, na kila upasuaji huongeza uwezekano wa kondo la nyuma kung'ang'ania kovu mimba ijayo. Ndiyo maana naona swali la watoto wangapi bado anawataka liulizwe mapema, na ajibu mama mwenyewe, si mama mkwe aliyemsindikiza.