Ofisi ya maombi ya kazi nyuma ya Marikiti: wanavyosoma tangazo mstari kwa mstari

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa Pwani wenye uzamivu wanaotafuta kazi ya uhadhiri, hasa nyinyi wa sayansi za afya. Nyuma ya soko la Marikiti, Mombasa, ghorofa ya pili juu ya duka la viungo, kuna ofisi ndogo isiyo na kibao kikubwa. Ukipanda ngazi wafuata harufu ya bizari. Ndani mna mzee mmoja aliyekuwa karani wa chuo miaka mingi, binti yake, kompyuta tatu, na chumba cha nyuma chenye mlango wa kufungika. Kazi yao ni kuandaa maombi ya kazi na ya masomo. Nimekuwa mteja wao tangu Septemba, na nimeridhika mno.

Kabla yao nilipeleka barua yangu saiba nyingine (duka la intaneti), ambayo sitaitaja, waipange vizuri na kuituma. Kumbe walichukua barua ya mteja aliyenitangulia, wakabadilisha majina, na aya ya mwisho wakaisahau. Ikaenda ikisema nina hamu kubwa ya kujiunga na chuo ambacho sicho nilichokiomba. Niligundua siku mbili baadaye. Nililia. Miaka mitano ya maabara imezikwa na sentensi moja ya mtu mwingine.

Safari hii nafasi ilikuwa ya chuo cha Marekani: mhadhiri wa fiziolojia, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi, atakayefanya pia utafiti wa kukuza afya. Maombi ya huko si kama yetu. Hapa kwetu unabeba vyeti, nakala kwa seti, na zile hati za Sura ya Sita ya Katiba: tabia njema kutoka kwa polisi, KRA ya kodi, HELB ya mikopo ya masomo, EACC ya kupambana na ufisadi. Kule, wakati wa kuomba, wanataka zaidi kukusikia wewe: barua, wasifu mrefu wenye kila chapisho lako, maelezo ya utafiti, maelezo ya ufundishaji, na wadhamini, aghalabu watatu. Hapo ndipo wengi wetu twakwama, kwa sababu tulifundishwa kupima na kuandika matokeo, kujieleza hatukufundishwa.

Mzee alichapa tangazo, akachukua rula na penseli nyekundu. Kila sifa ya lazima akaipigia mstari mzima. Zile zinazopendelewa tu akazitia nukta nukta. "Hizi za lazima ni deni, mwanangu. Kila moja yataka jibu lake kwenye barua. Hebu nionyeshe la hii liko wapi." Sifa za lazima zilikuwa saba. Barua yangu ilikuwa imejibu nne.

Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza nje ya darasa: "Na huku kukuza afya kwatofautianaje na kutibu?" Nikaanza na Mkataba wa Ottawa wa 1986 ulioeleza maana yake, nikaja kwenye kongamano la saba la dunia la kukuza afya lililofanyika Nairobi 2009. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu akaonyesha dirishani, chini barabarani, hamali akisukuma mkokoteni wa viazi, shati limemganda mgongoni. "Nieleze kama ungemweleza yule."

Watu kama yule ndio niliowapima mapigo ya moyo na shinikizo la damu kwa utafiti wangu. Nikamwambia hivi: mtu akifanya kazi juani, mwili wake huzoea joto kwa wiki moja hadi mbili. Majimaji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema na chumvi yake hupungua. Hiyo ni fiziolojia. Lakini jasho hilo jingi lazima lirudishiwe maji, na hamali hununua maji kwa pesa ile ile ya chakula. Kumwambia "kunywa maji" ni ushauri. Kukuza afya ni maji yawepo njiani anakopita, naye awe miongoni mwa walioamua yawekwe wapi. Mzee akaweka penseli chini. "Basi andika hayo."

Ndiyo ikawa aya ya kwanza ya barua yangu. Kwenye mahojiano, swali la kwanza lilitoka humo.

Binti yake ndiye aliyeshika maelezo ya utafiti. Yangu yalikuwa yote ya nyuma: nilifanya hiki, nilichapisha kile. Akanikumbusha kwamba nafasi za aina hii huko hukupa miaka sita hivi ya kujithibitisha kabla hawajaamua kama utabaki moja kwa moja, kwa hiyo wanaosoma wanatafuta miaka ijayo. Sentensi hakunitungia hata moja, nami nilimheshimu kwa hilo. Aliniuliza tu, na kila jibu nililotoa kwa mdomo akaniambia nilichape.

Mahojiano yalikuwa Novemba, kwa video, saa nne asubuhi yao. Mimi nilihesabu saa kumi na moja jioni yetu, nikakodi chumba cha nyuma kwa muda wa saa moja. Yule binti akanipigia simu: "Dada, wao wamerudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya mwezi. Itakuwa saa kumi na mbili." Akamhamisha mteja mwingine ili nipate nafasi. Adhana ya Magharibi ilipoanza, mzee alikwenda msikitini na binti akaja kufunga dirisha taratibu. Stima ikapotea katikati ya jibu langu, lakini betri yao ikashika intaneti na kompyuta. Feni tu ndiyo iliyonyamaza. Jopo halikujua lolote. Nimealikwa kwenda chuoni kwao Februari, siku mbili, nitoe mhadhara na kukutana na idara nzima.

Kasoro zipo. Ngazi ni kali na lifti hakuna, kwa hiyo mtu wa kiti cha magurudumu hafiki. Hili limeniuma, na nimewaambia. Chumba cha nyuma ni joto kweli kweli. Kazi ya "nataka leo leo" hawapokei. Wape wiki moja. Kupanga barua na wasifu nililipa 1,500, maelezo mawili 2,000, chumba 300 kwa saa. Ni ghali kuliko saiba za pale chini, na mimi ningelipa tena.

Ijumaa hufunga saa sita mpaka saa nane. Nenda na tangazo zima, lisiwe picha ya simu iliyokatwa ukingoni, maana mzee hataanza bila kuliona mpaka mstari wa mwisho.