Mtoto anayependa kuandika: Fasihi au Maigizo?

Tangu Januari 2026, anayeingia Gredi ya 10 nchini Kenya, mwanzo wa sekondari ya juu, huwa amekwisha kuchagua mkondo, yaani kundi la masomo atakayojikita. Kwa mtoto wa hesabu hakuna vuta nikuvute. Yule anayejaza madaftari hadithi na vijitamthilia ndiye mwenye kibarua: Fasihi ya Kiswahili imewekwa kwenye Sayansi za Jamii, ilhali maigizo na filamu yamo kwenye Sanaa na Sayansi ya Michezo.

Fasihi humfundisha kusoma polepole. Anajiuliza kwa nini mhusika amenyamaza ukurasa mzima, anawinda kinaya na jazanda, msamiati unanenepa. Ila anaweza kumaliza miaka 3 akiandika kuhusu kazi za wengine tu.

Kwenye maigizo, maneno hupimwa kinywani. Niliwahi kumwona msichana katika mazoezi ya drama, kaandika: "Ewe mwanangu, zingatia nasaha zangu." Mwenzake alipoyatamka, chumba kizima kikaangua kicheko. Akafuta, akaandika: "Keti. Kula kwanza." Kimya kikatanda. Mwongozo gani wa mtihani ungemfunza hilo? Tatizo ni kwamba somo hili linataka mwalimu anayelijua jukwaa, na si kila shule inaye. Ulizia kabla hujajaza fomu.

Mimi ningeegemea maigizo, mradi vitabu visiwekwe kando. Kiswahili, au Lugha ya Ishara ya Kenya, ni lazima katika mikondo yote, kwa hivyo lugha hataachana nayo.