TAHADHARI: Ajenti wa kazi za ualimu China na Korea, River Road

Walimu wenzangu, hasa nyinyi mliomaliza shahada na bado mnangoja TSC (tume ya serikali inayoajiri walimu) iwaite, tafadhalini msitume pesa kabla ya kusoma haya.

Kuna ofisi ghorofa ya tatu ya jengo moja hapo River Road, Nairobi, inayotangaza nafasi za kufundisha Kiingereza China, Korea Kusini na Thailand. Mimi walinila shilingi 85,000. Kwanza 15,000 za usajili, kisha 70,000 za viza, zote kwa M-Pesa, kwenye namba ya mtu binafsi. Mwenye ofisi ni mtu mpole sana. Anakuita mwalimu, anakuuliza hali ya mama, anakuonyesha picha za vijana wetu wakiwa madarasani huko.

Mkataba wenyewe niliuona siku nne kabla ya safari ya China, wakati nimeshaaga nyumbani. Niliusoma usiku mzima. Pasipoti itakaa shuleni "kwa usalama". Ukiacha kazi kabla ya mwaka kuisha, unalipa mishahara ya miezi mitatu. Halafu kifungu cha 14: mwalimu hataunda wala kujiunga na kikundi chochote cha wafanyakazi, wala hatazungumzia mshahara wake na walimu wengine.

Asubuhi nikamuuliza mwenye ofisi kuhusu hicho cha 14. Akasema, "Mwalimu, mambo ya KNUT tuachie Kenya."

KNUT ni chama chetu cha walimu, na kauli hiyo iliniuma. Mama yangu amefundisha shule ya msingi miaka 26, na kila nyongeza aliyowahi kupata ilitokana na watu waliokaa mezani na TSC kwa niaba yake. KNUT ipo tangu 1957. Katiba yetu, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, na chama haki ya kujadiliana na mwajiri. Hata ugenini si kwamba haiwezekani. Kule Osaka, Japani, walimu wageni wako kwenye chama cha wafanyakazi cha General Union tangu 1991, na sheria ya Japani haimruhusu mwajiri kukataa tu kuzungumza na chama. China hali ni nyingine: shirikisho linaloruhusiwa ni moja, na liko chini ya chama tawala. Falme za Kiarabu vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi kabisa. Kwa hiyo unakoenda kunahusika sana, na ajenti anayekuficha hilo anajua kwa nini analificha.

Lakini mtego mkubwa uko kwenye viza. Aliyonipatia ilikuwa ya M, ambayo ni ya biashara. Mwalimu anayeajiriwa China huingia kwa viza ya Z, kisha hupewa kibali cha kazi na cha kuishi. Ukifundisha kwa M unafanya kazi kinyume cha sheria, na sheria yao inatoza faini ya yuan 5,000 hadi 20,000. Kosa likiwa zito, unawekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Anayeshikwa ni wewe. Ajenti yuko Nairobi anakunywa chai.

Mimi sikupanda ndege. Dada mmoja tuliyesoma naye alipanda, kupitia ofisi hiyohiyo. Mkataba ulisema vipindi 20 kwa wiki, akafundisha 32. Aliambiwa awaambie wazazi wa wanafunzi kwamba ametoka Afrika Kusini. Mshahara ulipokatwa, yeye na Wakenya wengine wawili wakaenda pamoja kwa mkuu wa shule kudai. Mkuu hakubishana nao. Aliwauliza tu wana viza ya aina gani. Wakarudi darasani. Tangu anisimulie hayo sijaacha kuyafikiria: viza mbovu ndiyo inayomziba mwalimu mdomo, kuliko hata hicho kifungu cha 14.

Kuhusu Korea, mjue hili. Viza ya E-2 ya kufundisha Kiingereza kule hutolewa kwa raia wa Marekani, Canada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Anayekuuzia nafasi hiyo ukiwa na pasipoti ya Kenya anakuuzia hewa.

Kabla ya kulipa ajenti yeyote, tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Jina lenyewe hasa, maana huyu alituonyesha cheti cha kampuni nyingine inayofanana na yake kwa herufi mbili. Dai mkataba kabla ya pesa. Na Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na afisa wa leba. Nilipomtajia afisa wa leba, upole wote uliisha.

Kudai pesa mmojammoja hakukutufikisha popote. Mimi nilikwenda mara tano: njoo Ijumaa, njoo mwisho wa mwezi, bosi amesafiri. Ndipo tukatafutana, tukawa saba. Tukaandikisha ripoti polisi, kila mtu na namba yake ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), tukachapisha jumbe zote za M-Pesa, tukapanda ngazi zile pamoja. Alitaka tuingie mmojammoja. Tukakataa. Siku hiyo kila mmoja wetu alirudishiwa 30,000.

Bado anadaiwa. Nasikia ameanza kutangaza Thailand kwa jina jipya, mlango uleule. Jumatatu ijayo saa tatu asubuhi tunakutana kituo cha basi cha Kencom, tunapanda tena. Kama ulilipa pale, njoo na jumbe zako za M-Pesa na nakala ya mkataba, na usikubali akupigie simu kando mpatane peke yenu.