Pampu ya mpira ya kuvuta makamasi: mafua inayaweza, aleji haiiwezi

Ile pampu ndogo ya mpira ya maduka ya dawa, yenye umbo la kitunguu, ya kumvuta mtoto mchanga makamasi, kazi yake inaifanya vizuri, ila wengi huitumia kinyume. Wakiingiza ncha puani ndipo waminye, hewa inayasukuma makamasi ndani zaidi. Minya ikiwa bado nje, gusisha ncha mlangoni mwa tundu la pua, halafu legeza mkono taratibu. Kabla ya hapo dondosha matone 2 au 3 ya maji ya chumvi ya dukani, yale ya asilimia 0.9, na usubiri dakika moja hivi makamasi yalainike. Wakati mzuri ni kama robo saa kabla ya kunyonyesha. Ukivuta zaidi ya mara 4 kwa siku pua huchubuka na kuvimba, mtoto akaziba kuliko mwanzo.

Kasoro yake kubwa ni ukungu. Ikate ya zamani kwa wembe uone weusi uliomo. Heri ile inayofunguka vipande viwili, uioshe kwa maji moto na sabuni kila baada ya kutumia.

Sasa, kama kila ukivuta hutoka majimaji yasiyo na rangi tu, usikimbilie kusema ni aleji. Mafua nayo huanza hivyohivyo, kisha makamasi huwa mazito, ya njano au kijani, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki 2. Homa huelekeza kwenye mafua. Aleji haina homa: majimaji hayabadiliki wiki nenda wiki rudi, chafya zinafuatana, mtoto anasugua pua na macho begani kwa mama, na huzidi akilala kwenye godoro lenye vumbi au chumba chenye mende. Hapo kinachoziba zaidi ni uvimbe, na uvimbe hauvutwi kwa pampu. Lakini chini ya mwaka 1 aleji ya pua ni nadra. Anayeshinda na watoto wenzake huwa anapata mafua mapya juu ya mafua.

Matone ya wakubwa ya kuzibua pua usimpe. Wa chini ya miezi 3 akifika joto la 38, au mtoto yeyote ambaye kifua kinabonyea akivuta pumzi, ni hospitali siku hiyohiyo. Hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia: 60 au zaidi kabla ya miezi 2, au 50 au zaidi kuanzia miezi 2 hadi mwaka, nazo pia ni za hospitali.